Shida ya Hiari na Maji ya Mwenyeji

Miongoni mwa maswali ya maadili ambayo watu wa pwani wamezoea kuyajibu kwa methali bila ya kuyaandikia kitabu, limo hili: je, mtu ana haki ya kuitafuta shida ambayo hakulazimika kuipata? Swali hili huonekana jepesi mpaka litazamwe kutoka mahali ambapo shida haijapata kuwa haba. Kiuyu, kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Pemba, ni mahali pa namna hiyo.

Rasi ya Kiuyu si ile Pemba ya mikarafuu na mabonde ya mpunga inayotajwa katika sifa za kisiwa. Ni nchi ya maweni: mwamba wa matumbawe ulioinuka kutoka baharini katika zama za kale, udongo mchache uliojificha katika mianya ya mawe, mibuyu, vichaka vya miba, na pwani ambayo wanawake wake, tangu kilimo cha mwani kilipoanza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, huinama juu ya kamba na vigingi kila maji yanapokupwa. Maji matamu katika ardhi ya aina hii yana historia ndefu ya kutafutwa mbali. Wilaya ya Micheweni, ambayo sehemu kubwa ya rasi imo ndani yake, imetajwa katika tafiti za bajeti za kaya kuwa miongoni mwa zile zenye umaskini mkubwa zaidi Zanzibar. Katika nchi kama hii baiskeli ni mnyama wa kazi. Kwenye keria yake hufungwa tenga la samaki, gunia la muhogo, mzigo wa kuni, madumu ya maji, na pengine mgonjwa anayepelekwa kwenye barabara kubwa. Mwenye kuiendesha hahesabu kuwa amefanya jambo la kusimuliwa. Amekwenda kwa kuwa hakuwa na budi, na amerudi kwa kuwa watu wanamngoja.

Sasa na achukuliwe kijana mmoja wa Kiuyu, wa kufikirika lakini si wa ajabu, ambaye ametia moyoni mwake kwamba baiskeli ikiisha kutengenezwa vyema na kutiwa gia za kupandia itampeleka milimani. Pemba ina vilima vingi vya kupanda na kushuka, lakini hakuna hata kimoja kinachofika mita 200 juu ya bahari. Milima ya karibu iko ng'ambo ya Mkondo wa Pemba, huko Usambara, ambako siku ya hewa safi safu yake huweza kuonekana kutoka pwani ya magharibi ya kisiwa kama wingu lisilohama. Mpango wa kijana huyo ni kuvuka hadi Tanga, kupita Muheza na Korogwe, na kufika Mombo, chini ya milima, kwenye kimo cha mita 400 hivi. Kutoka hapo ataishika barabara ya Soni hadi Lushoto, mwendo wa kilomita zipatazo 33 ambao humwinua mtu takriban mita 1,000. Baada ya Lushoto ataingia msitu wa Magamba, apite Lukozi, Manolo na Sunga, katika njia za udongo zaidi ya kilomita 50, mpaka Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa milima, ambako nchi hukatika ghafla na chini yake ikaonekana nyika ya Mkomazi. Huko hana biashara, hana jamaa, wala hana mgonjwa wa kumtazama. Anakwenda kwa sababu kwenda ni kugumu.

Mtu mzima wa kijijini akiisikia habari hii huuliza swali moja tu: shida ipo hapa mlangoni, mbona unaifuata mbali? Swali hili lisidharauliwe kwa kudhaniwa kuwa ni la mtu asiyejua raha ya mchezo. Ndani yake mna hoja nzito. Shida ya mnyonge ni kitu kizito kiasi kwamba kuigeuza kuwa burudani kunaweza kuwa ni kumkejeli. Katika miji na milima ya Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, watu husafirisha mkaa, viazi na mbao kwa chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedali wala mnyororo. Katika mteremko mwenyewe hukiongoza kikiteremka kwa uzito wake pamoja na mzigo mkubwa kuliko yeye. Katika mpando hukisukuma kwa kifua. Mji wa Goma umemjengea mtu huyo sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya njia panda. Lakini sanamu haikumpunguzia mzigo. Iwapo mpanda baiskeli wa hiari atapita kando ya mtu wa chukudu, wote wawili wakitokwa na jasho kwenye mlima mmoja, je, wanafanya kitu kimoja?

Hawafanyi. Tofauti yao haimo katika jasho, kwani jasho la hiari na la lazima huwa na chumvi ile ile. Imo katika mlango. Shida ya hiari ina mlango wa kutokea: mwenye kuichagua aweza kugeuka, akapanda gari, akarudi nyumbani na kusema alijaribu. Shida ya lazima haina mlango huo. Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa mwenye kuchagua shida ni kutosema uongo juu yake. Asidai kuwa amejua maisha ya maskini kwa kuwa amelala na njaa usiku mmoja. Asiifanye njia ambayo mama mmoja huipita kila siku na mzigo wa kabichi kichwani kuwa ni ushindi wake wa kwanza duniani.

Hata hivyo, haifai kutoka hapo na kufikia hukumu kwamba shida ya hiari ni dhambi ya walioshiba. Hukumu hiyo ingewanyima wanyonge jambo ambalo ni lao pia. Adrien Niyonshuti wa Rwanda alikuwa mtoto mwaka 1994 na alipoteza ndugu zake katika mauaji ya kimbari. Mtu kama huyo hakuwa na uhaba wa shida ya lazima. Naye akachagua mbio za baiskeli, akaibeba bendera ya nchi yake katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, na katika mashindano ya baiskeli za milimani ya michezo hiyo akamaliza wa 39. Nafasi ya 39 haimpi mtu nishani. Lakini kwa aliyepata kutendewa na dunia bila ya kuulizwa, kuna heshima kubwa katika kuchagua mwenyewe mlima wa kuupanda. Kumwambia kijana wa Kiuyu kwamba yeye, kwa kuwa amezaliwa penye shida, hana ruhusa ya shida nyingine isipokuwa ile aliyorithi, ni kumfunga mara mbili.

Wala Pemba yenyewe si ngeni katika jambo hili. Mchezo wa ng'ombe, ambao kisiwa hiki kinajulikana kwao na ambao wengi huuhusisha na zama za Wareno, ni hatari ya hiari iliyo wazi. Vijana huingia uwanjani mbele ya pembe kwa matakwa yao, ngoma zikilia na wanawake wakiimba, na ng'ombe hauawi. Jamii haikuukataza kwa hoja kwamba watu wana hatari za kutosha baharini. Iliuwekea uwanja na wakati wake, kamba na watu wa kuishika, na macho ya wote yakiwa hapo. Hili ndilo la kuzingatiwa: hatari ile ni ya mtu mmoja, lakini imekubaliwa na wengi, na wale watakaombeba akianguka wapo tayari na wanajua kwa nini wapo.

Hapo ndipo swali la safari ya milimani linapokuwa gumu. Uwanja wa mchezo wa ng'ombe una watu walioridhia. Njia ya Magamba haina. Wahenga walisema kwamba msafiri ni masikini ajapokuwa sultani, na maneno hayo hayakukusudiwa kumsikitikia msafiri peke yake. Yana maana pia kwamba kila msafiri, hata aliyejaza mifuko, ni mtu ambaye haja zake zimo mikononi mwa wengine. Kijana akiteleza katika udongo mwekundu uliolowa, akavunjika mguu baina ya Manolo na Sunga, hatajibeba. Watakaombeba ni vijana wa huko, watakaoacha viazi shambani siku ambayo gari la mnunuzi linakuja. Watafanya hivyo bila ya kuuliza alikuja kutafuta nini, kwa sababu kumwacha mtu njiani ni aibu isiyofutika. Basi ile iliyokuwa hiari kwa mmoja imegeuka kuwa lazima kwa wengine. Mlango wa kutokea alikuwa nao yeye. Hao hawakuwa nao.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi suala la maadili haliamuliwi pale njiani, kwa ushujaa au kwa woga. Huamuliwa kabla, katika mpango. Watu wengi huuona mpango wa safari kuwa ni kazi ya ufundi tu, ya mwenye spana na ramani. Kwa hakika mpango ni hesabu ya deni ambalo bado halijakopwa. Kila kitu anachokiweka kijana katika mkoba wake, au anachokiacha, ni uamuzi juu ya nani atalipa. Tyubu ya akiba, viraka na pampu vina maana kwamba pancha yake haitamwamsha fundi usiku. Breki zilizotazamwa na fundi kabla ya kuondoka Pemba zina maana kwamba mteremko wa kurudi Soni hautamkabidhi kwa abiria wa basi linalopanda. Sweta na koti la mvua vina maana kwamba baridi ya Juni na Julai, ambayo mtu wa pwani haijui mpaka imkute, haitamlazimisha mwenyeji kumvua mtoto wake blanketi. Mapumziko yaliyohesabiwa yana maana kwamba hatafika kijijini usiku akibisha milango ya watu waliolala. Na jina la jamaa aliyeachiwa habari za njia na siku ya kurejea lina maana kwamba mama yake huko Kiuyu hatahesabu siku bila ya kujua anahesabu nini.

Watu wa Pemba hawana haja ya kufundishwa kwamba hesabu ni jambo la uhai na mauti. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa na watu wengi kupita idadi iliyoruhusiwa, na zaidi ya watu 200 walithibitishwa kufa. Msiba ule haukutokana na ushujaa wa mtu yeyote wala mchezo wa mtu yeyote. Abiria walikuwa wakirudi makwao. Lakini umewaachia watu wa visiwani elimu moja isiyosahaulika: kwamba anayepuuza hesabu huikabidhi kwa wasiohusika, nao huilipa kamili. Kuna watu husema kwamba kupanga kupita kiasi ni upungufu wa tawakali. Maneno hayo ni uvivu uliovishwa kanzu. Tawakali ni kumwachia Mungu yale yasiyo katika uwezo wa mja. Hewa ndani ya tairi na maji ndani ya chupa vimo katika uwezo wake.

Maji yastahili kutazamwa peke yake, kwa sababu ndiyo mizani iliyo wazi kuliko zote. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mpanda baiskeli katika mpando wa Mombo, jua likiwa juu, aweza kumaliza lita mbili kabla ya kufika Soni. Kijana wa Kiuyu anajua vyema lita mbili ni nini, kwani ndoo ya kawaida huchukua lita 20, na mwanamke anayeibeba kichwani hubeba kilo 20 pamoja na ndoo yenyewe. Lita mbili ni sehemu moja katika kumi ya safari ile. Mgeni akiomba maji katika nyumba ya maweni hupewa, na hupewa kwa uso mkunjufu, tena katika kikombe kizuri kuliko vyote vilivyomo ndani. Hakuna atakayemwambia kwamba amekunywa sehemu ya kumi ya asubuhi ya mtu. Ukarimu una desturi ya kuficha bei yake, na kwa sababu hiyo hiyo mwenye kupokea ana wajibu wa kuijua.

Hata hivyo mpango nao una maovu yake, na milima ya Usambara inayajua. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilibuni Mradi wa Usambara kwa nia ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Ilikuwa na ramani, wataalamu na sababu nzuri. Wakulima wakaamriwa kulima matuta katika miteremko mikali, kazi ngumu ambayo sehemu yake kubwa iliwaangukia wanawake, na walioacha wakaadhibiwa. Watu wakaukataa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mradi ukaachwa. Waliopanga walihesabu udongo na mvua na mashina ya mahindi. Watu wenyewe waliwahesabu kama mikono tu. Msafiri naye huweza kupanga hivyo hivyo kwa kiasi chake kidogo, akaandika katika daftari: hapa maji, hapa chakula, hapa malazi, kana kwamba nyumba za watu ni vituo alivyojengewa yeye. Mpango ulio sahihi kwa kilomita waweza kuwa mbovu kwa adabu.

Basi je, dawa yake ni kutohitaji mtu kabisa? Wako wasafiri wanaoona hivyo ndiyo ukamilifu: hema lao, chakula chao, chujio lao la maji, chombo chao cha kuwaonyesha njia, na kupita katika vijiji kama mtu apitaye katika pori. Hao huziita sehemu hizo kuwa za mbali, wasijiulize ziko mbali na nani. Kwa watu wa Mtae, Mtae ndiyo hapa. Kilicho mbali ni Kiuyu. Asiyemhitaji mtu amejitoa katika hatari ya kumwelemea, ni kweli, lakini amejitoa pia katika hali ya kuwa mgeni, na penye watu asiyekuwa mgeni wala mwenyeji hana jina zuri.

Njia ya kati imo katika habari kongwe ya milima hiyo hiyo, iliyoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy katika Habari za Wakilindi. Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, aliingia Usambara akiwa mtu aliyefukuzwa kwao, mhitaji kuliko mpanda baiskeli yeyote. Lakini alikuja na ujuzi wake wa kuwinda. Aliwaua wanyama walioharibu mazao ya watu, akawagawia nyama, nao wakampa vya shamba, na mwisho wakampa utawala. Siasa ya ukoo wa Wakilindi ina mengi ya kujadiliwa na wanahistoria. Kwa msafiri, sehemu iliyo na faida ni ile ya mwanzo: mhitaji aliyekuja na kitu mkononi. Ndivyo pia wapwani wanavyosema kwamba mgeni na aje ili mwenyeji apone. Methali hiyo haimsifu mgeni asiyehitaji kitu, wala haimsifu anayekula na kupita.

Kijana wa Kiuyu hawezi kuwagawia watu wa Lukozi nyama ya mawindo, wala hawaihitaji. Lakini anayo mengi ya kupanga mbali na vipuri. Aweza kujifunza salamu za Kisambaa kabla ya kupanda, ili neno lake la kwanza lisiwe ni kuomba. Aweza kuuliza mapema, kwa mtu wa huko, ni mwezi gani njia hupitika na ni siku gani watu wamo katika shughuli za mavuno, asiwaelemee siku hizo. Aweza kununua chakula kwa bei ya soko bila ya kujidai maskini. Aweza kubeba karafuu kidogo za nyumbani, si kwa thamani yake bali kwa kuwa zinasema ametoka wapi. Na iwapo mikono yake inajua kuziba pancha, aweza kuziba ya mwingine pale atakapolala. Hayo nayo ni vifaa vya safari, ingawa hayauzwi dukani.

Kwa anayetaka kipimo cha haki cha mambo haya yote, kipimo ni kuigeuza safari. Na achukuliwe kijana wa Mtae, aliyechoshwa na milima, ambaye amepanga kuendesha baiskeli yake katika jua na mawe ya Kiuyu kwa kuwa ameambiwa ni kugumu. Anatokea saa saba mchana, midomo imekauka, mbele ya nyumba ambayo madumu yake yamejazwa alfajiri. Watu wa nyumba ile watampa maji. Hilo halina shaka na si ndilo la kuulizwa. La kuulizwa ni kama mwenye nyumba, akimtazama akiondoka, ataona kwamba amepokea mgeni au kwamba amepita mtu. Ataona hivyo kutokana na mambo madogo: kama chupa yake ilikuwa na maji yake mwenyewe yaliyokwisha kwa haki, kama alikaa kitako akaulizana hali na wazee, kama alisema kweli aliposema anatembea kwa kupenda, asijitie unyonge mbele ya wanyonge, kama aliuliza kisima kiko wapi, na alipoonyeshwa akachukua dumu tupu akafungia kwenye keria ya baiskeli yake kabla ya kuendelea na njia.

Yote anayoyatamani kijana wa Kiuyu kwa mgeni wa namna hiyo, na ayaandike katika mpango wake mwenyewe kabla hajaandika idadi ya kilomita. Akiisha kuyaandika, mlima ni wake kuupanda, na hakuna mwenye haki ya kumzuia.